Kusoma kwa Kiganja

Watu wakiona nimekunja uso huniambia hasira hasara. Najua. Mama ameniimbia methali hiyo tangu sijaota meno ya pili, na haijanipunguzia hata chembe. Hasira zangu ni za karibu, zimekaa pale pale mlangoni, ukibisha hodi mara moja zimeshafungua. Sasa nataka kusimulia habari ya mkono wa mwenzangu, na nitaisimulia nikiwa nimekasirika, kwa sababu kila nikijaribu kuisimulia kwa upole naona nasema uongo.

Tulikuwa mwaka wa pili wa kozi ya injini za dizeli. Darasa lilikuwa na watu ishirini, mwanamke mmoja, ambaye ni mimi. Karakana yetu ilikuwa jengo refu la mabati, na sakafu yake ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi hata ukiifagia mara tatu bado soli za viatu zinanata. Upande mmoja kulikuwa na injini nne juu ya stendi: moja ya lori, moja ya trekta na mbili za jenereta. Upande wa pili kulikuwa na meza za chuma zenye jiriwa za kubania vyuma, na mwisho kabisa, chini ya dirisha, mashine ya kupimia nozeli.

Nozeli, kwa asiyejua, ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda. Ikipuliza ukungu mwembamba, injini inawaka kwa raha zake. Ikikojoa, yaani ikitoa mchirizi badala ya ukungu, injini inatema moshi mweusi, inakula mafuta, na mwisho wake pistoni inatoboka. Ili uijue nzima na mbovu unaifunga kwenye ile mashine, unavuta wenzo kwa mkono, unatazama geji na unatazama inavyopuliza. Unatazama kwa macho. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema, lakini mwalimu wetu alikuwa na mambo yake.

Mwalimu tulimwita Bingwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujiita hivyo na tukaona tusimsumbue. Alikuwa ametengeneza injini miaka ishirini na sita kabla hajaletwa kufundisha. Sitamnyima haki yake, fundi alikuwa fundi. Angeweza kusimama mlangoni, injini kaipa mgongo, akakwambia silinda ya tatu haichomi, na ukifungua unakuta kweli. Lakini kitabu alikiona adui. Vitabu vya karakana vilikaa kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwake, na aliyetaka kuazima aliandikwa jina na siku kwenye daftari utadhani mtuhumiwa.

Na alikuwa na kitu alichokiita kusoma kwa kiganja. Mwenzako anavuta wenzo, wewe unaweka kiganja mbele ya nozeli, ukungu unakuja unaacha duara la unyevu mkononi. Duara likikaa sawa, nozeli ni nzima. Likiwa na mkia, ni mbovu. Alifundishwa hivyo na fundi wake, na fundi wake naye alifundishwa na wa kwake, na kila darasa la mwaka wa pili lilipitishwa kwenye mashine ile mmoja mmoja kama watu wanaochanjwa.

"Usiyesoma kwa kiganja," alisema, "wewe bado mteja. Kalete gari, utatengenezewa."

Walioshapita walitembea siku nzima na kiganja kinanuka dizeli, hawataki kunawa. Watu wazima, wengine wana watoto nyumbani.

Mimi nilipangwa na kijana tuliyemwita Nusu Saa, kwa kuwa hakuwahi kufika popote bila kuchelewa nusu saa, na ukimuuliza atakwambia ameshika muda. Tulifanya kazi pamoja tangu mwezi wa kwanza. Mimi nilisoma, yeye alitenda. Waliniita Kamusi, na sikulipenda jina lile, lakini lilinikaa. Mikono ya Nusu Saa sijaiona kwa mtu mwingine. Angeingiza kidole cha shahada ndani ya silinda, akizungushe taratibu, amefumba macho, akwambie imelika hapa na hapa, na ukipima kwa kipimo unakuta hajakosea. Hakuwa na kichwa cha kukariri namba. Alikuwa akiniuliza mimi, "Vipi Kamusi, hii haina neno?" nami nikisema haina, anakaza. Nikisema subiri, anasubiri. Tulikuwa tumebakiza miezi mitatu, na karakana moja ya malori ilikuwa imeshamwambia akimaliza tu aende, nafasi yake ipo.

Jumatatu ya wiki ile niliazima kitabu cha mfumo wa mafuta, kwa sababu Alhamisi tulikuwa na somo la nozeli. Nilikisomea nyumbani, juu ya ndoo niliyoipindua, nikisubiri nguo zikauke. Ukurasa wa hamsini na mbili ulikuwa na kisanduku chenye mstari mwekundu. Kilisema hivi: usiweke kamwe mkono wala kidole mbele ya nozeli inayopimwa. Dizeli inayotoka kwa presha ile hupenya ngozi. Kitundu huwa kidogo, maumivu huwa madogo, lakini mafuta yanaenda kuozesha nyama ndani. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji mara moja, hata kama anajiona mzima. Kila saa inayopita ni sehemu ya mkono.

Niliusoma mara mbili. Nikasema moyoni, Alhamisi huyu mzee nitamwambia mbele ya watu.

Halafu ikaja Jumanne.

Jumanne tulikuwa tunafunga kichwa cha silinda cha injini ya lori. Bingwa alikuwa anakaza bolti kwa kusikilizia mkono, moja baada ya nyingine, kuanzia pembeni. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa adabu zote kwamba kitabu kinataka tuanze katikati, tukaze kwa hatua tatu, na kwa spana ya kupimia nguvu. Bingwa akaweka spana chini, akaifuta mikono yake polepole.

"Kamusi," akasema, "panda pale."

Akanipandisha juu ya sanduku la vifaa. Akatoa kabatini kitabu cha injini, akaniambia nikifungue nisome ukurasa mzima kwa sauti, wote wafaidike. Nilipoanza kusoma akaenda akawasha jenereta iliyokuwa pembeni yangu. Nikawa nasoma, hakuna anayesikia kitu, midomo yangu inatembea tu, na darasa zima linacheka mpaka linashika mbavu. Nilipomaliza akaizima.

"Mmesikia?" akauliza. "Mmesikia injini au mmesikia kitabu? Kitabu hakijawahi kuwasha injini."

Hata Nusu Saa alicheka. Nilimwona. Alijaribu kuficha kwa kujikuna pua, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Baadaye alinifuata akasema, "Lakini Kamusi, nawe ungejiona pale juu." Kuanzia saa ile nilisusa. Nilisusa darasa, nilisusa mwalimu, nilimsusa na yeye. Nikajiapiza kwamba mpaka mtihani sitafungua mdomo, na atakayeharibu na aharibu. Nilitembea na kisirani kile siku mbili nzima, nakilea, nakiona haki yangu kabisa.

Alhamisi saa nne kasoro tukapanga mstari mbele ya mashine. Kila jozi ilikuwa na nozeli yake iliyoifungua yenyewe. Jozi tatu zikapita bila taabu. Kiganja mbele, wenzo chini, duara, watu wanapiga makofi. Sisi tulikuwa wa nne, na nozeli yetu ilitoka kwenye injini ya trekta, ambayo tangu tuijue haikuwahi kuwaka bila kukohoa.

Nikashika wenzo. Nusu Saa akaifunga nozeli, akakaza nati, akapandisha mkono wa ovaroli. Bingwa alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Sogeza kiganja," akasema. "Karibu zaidi. Hiyo si nyoka."

Nusu Saa akasogeza. Kisha, kwa mazoea tu, akanigeukia.

"Vipi Kamusi, hii haina neno?"

Kuuliza si ujinga, na yeye aliniuliza. Ukurasa wa hamsini na mbili ulikuwa kichwani mwangu neno kwa neno, mpaka mstari mwekundu niliuona. Ilikuwa nafasi yangu. Nami nikamtazama machoni nikasema:

"Muulize bingwa wako. Kitabu changu hakijawahi kuwasha injini."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akafurahi kwamba sasa angalau namsemesha. Nikavuta wenzo. Niliuvuta kwa nguvu, kwa mikono miwili, kwa hasira yote ya Jumanne.

Nozeli ile haikutoa ukungu. Ilitoa uzi. Uzi mweupe, ulionyooka, na sindano ya geji ilikuwa imepita mia mbili na ishirini. Nusu Saa alisema "ah" kwa sauti ndogo, akarudisha mkono, akautazama. Kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono wa kulia kulikuwa na kitundu. Hakikutoa hata damu.

"Imekojoa," Bingwa akasema. "Mbovu hiyo. Umeisoma?"

"Nimeisoma mwalimu," Nusu Saa akasema, na watu wakacheka tena.

Mimi kususa kuliniisha hapo hapo. Nilisema lazima aende hospitali, sasa hivi, kwa daktari wa upasuaji. Nilisema mafuta yameingia ndani. Nilikuwa nimemshika mkono.

Bingwa akauchukua ule mkono, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaubinya. "Hiki? Binti, hiki mtu akichomwa na mwiba wa mchongoma anaumia zaidi. Mimi nimenyunyiziwa dizeli kabla hujazaliwa. Nawa na sabuni, endelea."

"Mwalimu, kitabu kinasema."

"Naam, kinasema. Kila siku kinasema."

Nusu Saa akaenda kunawa. Nilimfuata mpaka kwenye bomba nikimwambia twende, twende, yeye anasugua povu na kunicheka. "Haiumi, Kamusi. Kinafukuta kidogo tu. Umeninunia siku mbili, leo unataka kunipeleka hospitali, mimi nishike lipi?" Nikamwita mpumbavu. Nikamwita majina ambayo sitayaandika hapa. Akarudi kwenye meza yake, akaanza kufungua nozeli ya pili. Kosa la kwanza nilitenda mimi. La pili ni la Bingwa, la tatu ni la Nusu Saa mwenyewe, na lile la tatu ndilo lilinifanya nitake kumpiga, kwa sababu saa ilikuwa inatembea na yeye ndiye aliyekuwa anaitembeza.

Saa tano ikapita. Kufika saa tano u nusu spana ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Nilipomwendea kidole kilikuwa kimevimba mpaka kwenye kiganja na ncha yake imekuwa nyeupe. "Sikisikii," akaniambia. Hakuwa anacheka tena.

Sikumuomba mtu ruhusa. Nilikichukua kitabu, nikamchukua yeye, tukatoka getini. Bingwa aliita nyuma yetu kwamba hatujaaga. Sikugeuka.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili, na utaratibu ni kwamba hospitali kubwa hawakupokei bila barua ya zahanati. Tukakuta nesi mmoja na foleni ya akina mama na watoto. Nikapita foleni yote. Wakanisema, na walikuwa na haki. Nesi akauliza kidonda kiko wapi. Nikamwonyesha kitundu. Akakitazama, akanitazama mimi na ovaroli yangu yenye grisi.

"Atapewa dawa ya maumivu," akasema. "Mkae kwenye mstari kama wenzenu."

"Anatakiwa upasuaji."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi dizeli."

"Basi nenda katengeneze dizeli."

Nikapiga meza. Nilikiweka kitabu mbele yake, wazi, ukurasa wa hamsini na mbili, na nikapiga meza kwa kiganja mpaka chupa za sindano zikaruka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nikamwambia nesi hiyo barua ataiandika leo, ama aiandike sasa mkono ukiwa mzima ama aiandike jioni mkono ukiwa umekatwa, achague. Mlinzi akaja. Akina mama wale niliowapita kwenye foleni ndio waliomzuia. Mama mmoja mnene aliyebeba mapacha alimwambia nesi, "Dada, soma tu hicho kisanduku, kusoma hakuui."

Nesi akasoma. Ninampa haki yake na yeye: alipomaliza alikishika kile kidole kilichokuwa cheupe, akachukua karatasi akaanza kuandika haraka. Tukaondoka na barua saa sita na robo.

Hospitali kubwa walitukalisha kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Nusu Saa alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka, mkono ameuinua juu ya kichwa kwa sababu ukishuka unampigapiga. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Kumbe ulikuwa unajua, Kamusi." Alisema kwa kunisifu. Nilitazama vigae vya sakafu, nikavihesabu.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, ana haraka, kalamu mkononi. Aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyeuliza siku ile nzima.

"Presha ngapi?"

"Geji ilisoma mia mbili na ishirini," nikasema.

Akaiweka kalamu chini. "Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Sote tukatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Akaita watu, wakaja na kitanda cha magurudumu, na mambo yakaanza kwenda mbio kama ambavyo yangekwenda tangu asubuhi kama dunia ingekuwa na akili. Alipokuwa anavaa glovu alinigeukia.

"Nani alijua kwamba aletwe kwa upasuaji?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri sana," akasema. "Wengi wanaletwa kesho yake."

Walimfungua kiganja kizima siku ile, wakasafisha. Ijumaa wakamfungua tena. Jumamosi asubuhi kidole cha shahada kilikuwa kimekufa, wakakitoa, na wakasema vingine vitatu na kidole gumba vitabaki, ila havitakunja ngumi sawasawa. Mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Dada yake alifika Ijumaa. Ni mkubwa kwake kwa miaka kumi, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao, mshonaji wa sare za shule, na mpaka leo hutembea na sindano kwenye ukosi wa gauni. Nilikuwa nimeshaonana naye mara mbili tatu, na kila mara aliniita wifi ili kunichokoza tu. Jumamosi ile, daktari alipokwisha kutoa habari, alikuja nilipokaa kwenye benchi la veranda, akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akanishika mikono yote miwili.

"Daktari ameniambia," akasema. "Ingekuwa ni wale wanaume, wangeniletea maiti. Umeniokolea mdogo wangu, wifi yangu. Mungu akuweke."

"Dada, inuka tafadhali."

"Siinuki. Acha nikushukuru."

Nilitamani anizabe kofi. Shukrani zile zilinichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa, na sikuwa na mahali pa kuzitua. Nikazivika hasira, kama kawaida yangu. Nikamwambia ni yule mwalimu, yule mzee mpumbavu na kiganja chake, yeye ndiye aliyemkata mdogo wako kidole. Nikamsema Bingwa mpaka povu likanitoka. Dada akatikisa kichwa, akalia, akaingia ndani kumlisha mgonjwa uji. Nami nikabaki nje, nimeridhika kwa dakika kama mbili hivi.

Hapo ndipo Bingwa akatokea. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, nami sikuwa nimewahi kumwona nje ya ovaroli. Alionekana mdogo. Akakaa upande wa pili wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Nimesikia wamekitoa," akasema.

"Wamekitoa. Cha shahada, cha kulia. Umefurahi?"

"Nieleze."

Nikamweleza. Sikumwonea huruma, sikumwita mwalimu. Nilimwambia kitabu kilikuwa kabatini mwake miaka yote hiyo, amekifungia kwa kufuli lake. Nilimwambia debe tupu haliachi kuvuma. Nilimwambia kwamba kama angekuwa na hata robo ya akili anayojisifia, yule kijana angekuwa anakaza bolti saa hizi. Watu wa wodini walianza kuchungulia dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Mikono mikubwa ile, yenye weusi kwenye kucha usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Miaka ishirini na sita," akasema nilipokwisha. "Nimeweka mkono huu mbele ya nozeli sijui mara elfu ngapi. Sikujua. Ninaapa kwa watoto wangu, sikujua."

"Ungesoma ungejua."

"Ndiyo. Ningesoma ningejua. Jana nimefungua kabati. Nimeangalia daftari. Kitabu kile uliandikwa jina Jumatatu."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mimi sikujua," akasema. "Wewe ulijua. Nimekaa usiku kucha najiuliza, nikasema nije nimuulize mwenyewe. Sikuja kugombana, binti. Kwa nini hukusema?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nikamwambia anajua kwa nini. Nikamwambia, "Ningesema, ungenipandisha tena juu ya sanduku."

"Ningekupandisha," akasema. "Najijua. Ningekupandisha, ungesoma, tungecheka. Na mkono wake ungekuwa mzima."

Nilitafuta neno. Mimi, Kamusi, nisiyekosa neno hata usingizini. Nilitafuta la kumwambia yule mzee ili yeye ndiye awe amekosa na mimi niwe nimebaki na haki yangu, na kila nililolishika lilikuwa la uongo. Yeye akainuka, akasema Jumatatu atakwenda kwa mkuu wa chuo na atasema yake yote, ila ya kwangu hatasema, hayo ni ya kwangu. Hakuingia ndani kumwona mgonjwa. Alisema hana uso. Akashuka ngazi akiwa ameshika reli.

Nilikaa pale mpaka kivuli cha nguzo kikahama kutoka mguu wangu wa kushoto kwenda wa kulia. Kisha nikaingia wodini.

Kitanda cha Nusu Saa kilikuwa cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, umening'inizwa kwenye mti wa chuma. Dada yake alikuwa anasuuza kikombe kwenye bomba la pembeni. Aliponiona alitabasamu, akanivutia kiti.

"Kamusi," Nusu Saa akasema. Sauti yake ilikuwa ya dawa. "Nimefikiria. Ule mkono wa kushoto naweza kuufundisha. Wewe utanisomea, tutakwenda polepole. Wale wa malori nitawaambia wanisubiri nusu saa." Akacheka mwenyewe.

Sikukaa kwenye kile kiti. Nilisema nikiwa nimesimama, na kwa kuwa nilijua nikianza kuzunguka nitapotea, nililisema kama lilivyo.

"Ule ukurasa niliusoma Jumatatu," nikasema. "Alhamisi uliponiuliza, nilikuwa najua. Nilikuwa nimekununia kwa sababu ulinicheka. Nikavuta wenzo najua."

Dada yake aliacha kusuuza. Maji yakaendelea kutiririka kwenye beseni, hakuna aliyeyafunga.

Nusu Saa hakukasirika. Ningeipokea hasira, hasira naijua, tungekaa nayo. Alinitazama kwa muda mrefu akiwa amekunja kipaji cha uso, kama anavyofanya akisikilizia silinda, anatafuta palipolika.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Mimi kila kitu huwa nakuuliza."

"Najua."

Akageuzia uso ukutani. Kwa sababu ya ule mkono ulioning'inizwa hakuweza kugeuka mwili wote, aligeuza shingo tu, na nikauona mshipa wa shingoni unavyopiga. Dada yake akakiweka kikombe juu ya kabati. Alikwenda akaufungua mlango wa nyuma, akausimamia, ameushika kwa mkono mmoja usijifunge, na akaendelea kuushika mpaka nilipotoka.